Uyoga Usio na Jina: Mwongozo wa Kuutambua na Kuuainisha, Kutoka Chebunyo

Mvua ndefu ikianza kushika Chepalungu, wa kwanza kuona uyoga si mtaalamu. Ni mtoto anayepeleka ng'ombe malishoni, mama anayetafuta kuni, au kijana anayepalilia mahindi karibu na kichuguu. Ikiwa wewe ni mmoja wao, na umeona uyoga ambao hakuna anayeufahamu vizuri, mwongozo huu ni wako. Utakuonyesha la kufanya tangu unapoinama kuutazama hadi siku uyoga huo unapoandikwa katika orodha ya sayansi, na utakuonyesha pia ni sehemu gani ya kazi hiyo inayohitaji maabara na ipi unaweza kuimaliza mwenyewe hapo nyumbani.

Chebunyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Iko upande mkavu wa Kaunti ya Bomet, kuelekea Narok, kwenye nyasi na vichuguu. Msitu wa Chepalungu uko karibu. Ukipanda kuelekea Konoin na Kericho, unaingia kwenye chai na mikalitusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda, na zaidi ya hapo kuna msitu wa Mau Kusini-Magharibi. Kila mojawapo ya mazingira hayo ina kuvu zake. Wanasayansi wamekadiria kwamba duniani kuna spishi za kuvu kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, ilhali zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000 tu. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu ambazo bado hazijachunguzwa sana.

Lakini tambua mapema: uyoga mwingi unaoonekana wa ajabu huishia kuwa spishi inayojulikana tayari. Usivunjike moyo. Rekodi nzuri ya spishi inayojulikana, kutoka mahali ambapo haijawahi kuandikwa, nayo ni elimu.

Hata ukubwa si kinga dhidi ya kusahauliwa. Nchini Zambia kuna uyoga wa kichuguu ambao kofia yake hufikia upana wa mita moja. Wanavijiji waliuchuma, wakaula na kuuuza. Hata hivyo, ulipata jina la kisayansi mwaka 1980 tu, pale David Pegler wa bustani ya Kew, Uingereza, na mwenzake Piearce walipouita Termitomyces titanicus. Macho ya kuuona yalikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni sampuli iliyohifadhiwa, maelezo yaliyoandikwa na ulinganisho uliochapishwa. Hayo matatu ndiyo kazi yote.

Sharti la kwanza: usiule

Uyoga unaouchunguza si kitoweo. Hata kama unafanana na ule mnaokula nyumbani, uweke mbali na jikoni na mbali na watoto. Baadhi ya wataalamu huonja chembe ndogo na kuitema wanapochunguza jamii fulani. Wewe usifanye hivyo.

Puuza vipimo vya mitaani. Si kweli kwamba uyoga wenye sumu hugeuza kijiko au sarafu kuwa nyeusi. Si kweli kwamba ukiliwa na wadudu au konokono basi ni salama kwa binadamu. Si kweli kwamba kuchemsha huondoa kila sumu: sumu ya jamii ya Amanita inayoharibu ini haiondoki kwa moto. Sumu hiyo pia ni ya hila, kwa kuwa dalili huanza saa sita au zaidi baada ya kula, kisha mgonjwa anaweza kujisikia nafuu wakati ini linaendelea kuharibika. Mtu akila uyoga usiojulikana na kuanza kutapika au kuharisha, mpeleke hospitali mara moja, iwe Longisa, Tenwek au iliyo karibu zaidi, na ubebe mabaki ya uyoga wenyewe.

Vifaa vya kubeba

Huhitaji vitu vya gharama. Beba kisu na kijiti imara cha kuchimbia, rula, penseli, daftari, mifuko ya karatasi au magazeti, kikapu, na simu yenye kamera. Usitumie mfuko wa plastiki. Uyoga hutoa jasho ndani yake na kuoza kabla hujafika nyumbani. Penseli ni bora kuliko kalamu kwa sababu maandishi yake hayayeyuki yakilowa.

Shambani: picha, kuchimba, kuandika

Fuata mpangilio huu bila kuuvuruga.

1. Piga picha kabla ya kugusa. Piga kutoka juu, kutoka ubavuni, na moja inayoonyesha mazingira. Weka rula kando yake. Kisha ulaze uyoga mmoja upige upande wa chini wa kofia, na mwingine uupasue katikati, kutoka kofia hadi mwisho wa shina, uupige pia.

2. Chimba, usichume. Hapa ndipo waanzaji hupoteza ushahidi. Uyoga wa aina ya Amanita mara nyingi huwa na mfuko unaozunguka chini ya shina, ambao hubaki udongoni ukiung'oa. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, mara nyingi una mkia mrefu unaoshuka hadi kwenye bustani ya mchwa chini ya ardhi. Ukikata juu juu, umekata sifa inayoutambulisha.

3. Chukua uyoga wa rika mbalimbali: ambao bado haujafunguka, uliofunguka, na uliokomaa. Mvua huosha magamba ya kofia na jua hufifisha rangi, kwa hiyo uyoga mmoja peke yake unaweza kukudanganya. Uache mwingine uendelee kutoa mbegu.

4. Andika yanayopotea. Harufu hupotea ndani ya saa chache. Rangi hubadilika. Andika kama nyama yake hugeuka bluu, nyekundu au nyeusi ukiikata, na baada ya muda gani. Andika kama inatoa utomvu mweupe, na kama utomvu huo hubadilika rangi. Pima upana wa kofia, urefu na unene wa shina. Eleza kama shina lina pete. Matamvua, yaani zile bapa nyembamba zilizo chini ya kofia, yameshikana na shina, yanashuka juu yake, au yako huru?

5. Andika mahali na kinachouzunguka: tarehe, kijiji, kata, nambari za GPS kutoka kwenye simu, na mwinuko. Umeota kwenye samadi, kuni iliyooza, udongo mtupu au kichuguu? Miti iliyo karibu ni gani? Kuvu nyingi huishi na mizizi ya mti maalumu. Zile zinazoota chini ya misonobari ya kupandwa, kwa mfano, mara nyingi zilikuja Afrika pamoja na miti hiyo, kwa hiyo huenda zina jina tangu zamani huko zilikotoka.

Mpe kila mkusanyiko nambari yake, na nambari hiyo iandikwe kwenye daftari, kwenye mfuko, na kwenye jina la picha.

Muulize anayeujua

Kabla ya kufungua kitabu, fika kwa wazee. Msalimie bibi (kogo kwa Kipsigis) vizuri, keti, kisha uulize: "Kogo, uyoga huu mnauitaje? Hutoka mwezi gani? Mnaula? Unaotaka kufanana nao ni upi?" Mwanamke aliyechuma uyoga tangu utotoni anajua mambo ambayo hadubini haiwezi kukuambia: kama hutokea kila mwaka kwenye kichuguu kilekile, kama hutangulia kumbikumbi au huwafuata, na kama ulikuwa mwingi zaidi kabla msitu haujafyekwa. Andika jina la Kipsigis kama anavyolitamka, na umwombe ruhusa ya kuliandika pamoja na jina lake. Akikataa jina lake litajwe, heshimu hilo.

Hata hivyo, usichukue "tunaula" kuwa ruhusa ya kula. Huenda mzee anafikiria uyoga mwingine unaofanana nao.

Siku hiyohiyo: unga wa spora

Spora ndizo mbegu za kuvu, na rangi yake zikiwa nyingi ni ushahidi mkubwa usiohitaji maabara. Kata kofia moja iliyokomaa, uilaze matamvua yakiangalia chini juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi. Weka tone la maji juu ya kofia, ufunike kwa bakuli, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta unga umeanguka kwa mchoro wa matamvua.

Angalia jinsi unga huo unavyofanya kazi. Kwenye nyasi za Afrika Mashariki huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia na pete shinani, Chlorophyllum molybdites. Ukiwa mchanga, matamvua yake ni meupe, na mtu mwenye haraka huufananisha na uyoga wa kuliwa. Unga wake wa spora ni wa kijani. Uyoga huo hutapisha na kuharisha vibaya. Unga wa Termitomyces, kwa upande mwingine, huelekea rangi ya waridi. Karatasi moja imetenganisha sumu na chakula, na imetenganisha familia mbili.

Ifunge karatasi hiyo na uitunze pamoja na sampuli. Spora zake ndizo zitakazopimwa baadaye.

Kukausha na kutunza

Sampuli isiyokaushwa vizuri ni sampuli iliyopotea. Kwanza kata kipande cha nyama ya ndani, kikubwa kama punje ya mchele, ambacho hakijagusa udongo, ukiweke kwenye kichupa chenye vidonge vya silika vya kufyonza unyevu. Hicho ni cha DNA. Uliobaki upasue vipande virefu kama ni mnene, uutandaze kwenye wavu juu ya joto dogo lenye hewa inayopita, kiasi cha nyuzijoto 40. Makaa yaliyofifia hutosha kama wavu uko juu vya kutosha. Usiuoke: ukinukia chakula, joto limezidi. Umekauka pale unapovunjika kwa mlio badala ya kupinda.

Utie kwenye bahasha ya karatasi yenye nambari, kisha ndani ya chombo kinachofunga vizuri. Ukipata friza, uuweke humo siku chache ili kuua wadudu. Ukitunzwa hivi, unaweza kuchunguzwa hata baada ya miaka mia.

Kupanga: kutoka kundi hadi jenasi

Kuainisha ni kushuka ngazi kwa ngazi. Kuvu ni himaya yake yenyewe. Si mimea, na kwa ukoo ziko karibu zaidi na wanyama. Chini ya himaya kuna faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Wewe anza na maswali ya macho. Una matamvua, matundu kama sifongo, au uso laini? Unatoa utomvu? Una pete? Una mfuko chini? Unga wa spora ni wa rangi gani? Unaota juu ya nini?

Chukua uyoga wa kichuguu kama zoezi. Matamvua yako huru, unga ni wa waridi, kofia ina chuchu ngumu katikati ya kutobolea udongo, na mkia unashuka kwa mchwa. Hiyo ni jenasi Termitomyces, iliyopewa jina na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, katika familia ya Lyophyllaceae. Mchwa hulima kuvu hii kwa kuilisha majani makavu yaliyotafunwa, na uhusiano huo ni wa kale: mwaka 2016 watafiti walitangaza mabaki ya bustani za mchwa yenye umri wa miaka milioni 25, yaliyopatikana katika bonde la Rukwa, Tanzania. Ila tahadhari: Termitomyces microcarpus ni mdogo sana na hauna mkia mrefu, kwa kuwa huota kwenye vipande vya bustani ambavyo mchwa huvitoa nje. Sifa moja ikikosekana, usikimbilie kusema ni jenasi nyingine. Tazama sifa zote kwa pamoja.

Zoezi la pili liko kwenye chai. Mkulima wa Kericho au Bomet anaijua Armillaria kwa maafa yake: kichaka cha chai hukauka, shina hupasuka karibu na ardhi, na chini ya gome kuna utando mweupe unaonukia uyoga. Ugonjwa huanzia kwenye visiki na mizizi ya miti ya zamani. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kumenya gome la mti kwa kuuzunguka kabla ya kuukata, ili wanga uishe mizizini. Kwa miaka mingi kuvu hii iliitwa kwa jina la Ulaya, Armillaria mellea. Baadaye ilibainika kwamba jina hilo lilikuwa limefunika zaidi ya spishi moja, na mojawapo Pegler aliipa jina Armillaria heimii mwaka 1977. Somo lake ni zito: jina lililoazimwa kutoka bara jingine linaweza kuficha spishi ya hapa kwetu kwa vizazi.

Je, kweli ni mpya?

Ukishapata jenasi, kazi inageuka kuwa ya kukanusha. Jaribu kwa bidii kuthibitisha kwamba uyoga wako *unajulikana*. Ukishindwa kwa ushahidi, hapo ndipo dai la upya linaanza kuwa na uzito.

Vitabu viwili ni vya lazima kwa eneo letu. Cha Pegler cha mwaka 1977 kuhusu uyoga wenye matamvua wa Afrika Mashariki, na cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi cha mwaka 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania, ambacho kina picha za rangi na maarifa ya wenyeji. Soma pia machapisho ya Kongo na Zambia. Kuvu hazijui mipaka ya nchi.

Kuanzia hapa unahitaji mwenzako mwenye maabara. Jaribu idara ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Kabianga au Egerton, kitengo cha utafiti wa chai cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kule Kericho kama kuvu inahusu chai, na Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki iliyo katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi. Chini ya hadubini watapima urefu na upana wa spora nyingi, si moja, kwa mikromita, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Wataangalia kama ukuta wa spora ni laini au una miiba, na kama hugeuka bluu iliyokoza kwa dawa ya aidini.

Kisha DNA. Tangu 2012 wanasayansi wamekubaliana kutumia kipande kiitwacho ITS kama alama ya kwanza ya kutambua kuvu. Kipande hicho husomwa na kulinganishwa na vilivyomo katika hazina za GenBank na UNITE. Hapa wengi huteleza. Kutopata kinachofanana hakuthibitishi kwamba spishi ni mpya, kwa sababu uyoga mwingi wa Afrika ulioelezwa zamani haujawahi kusomwa DNA yake. Huenda jina lipo tangu 1977, na sampuli yake imelala kwenye bahasha Kew. Ni lazima mtu aitazame sampuli hiyo ya awali. Wala hakuna asilimia moja ya tofauti iliyo sheria kwa kuvu zote. Umbo, makazi na DNA vikisema neno moja, na katika mikusanyiko zaidi ya mmoja, dai limesimama. Kwa hiyo rudi mahali palepale msimu ujao.

Hata wataalamu hubishana. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walilipandisha kundi la Afrocantharellus kuwa jenasi kamili. Wengine wameendelea kulihesabu ndani ya jenasi ya Cantharellus. Uainishaji ni hoja inayojengwa kwa ushahidi, na ushahidi mpya ukija, hoja hupimwa tena.

Kutoa jina

Majina ya kuvu hutawaliwa na kanuni za kimataifa zinazohusu pia mimea na miani. Ili jina lihesabike, linahitaji mambo haya:

- Lichapishwe kwenye jarida au kitabu kinachokubalika, likiwa na maelezo kwa Kilatini au Kiingereza.
- Litaje sampuli moja iliyo kielelezo cha jina, na hifadhi inapotunzwa. Sampuli hiyo ni kama jiwe la mpaka wa shamba: ugomvi ukizuka miaka hamsini baadaye, wote hurudi kwenye jiwe.
- Liwe na nambari ya usajili kutoka hazina inayotambuliwa, kama MycoBank au Index Fungorum. Sharti hili lilianza mwaka 2013.

Jina lina maneno mawili, la jenasi na la spishi. Kulitoa kwenye jina la mahali ni desturi nzuri. Härkönen na Saarimäki walifanya hivyo mwaka 1994 kwa Amanita masasiensis ya Masasi na Amanita tanzanica, na kwa Termitomyces singidensis ya Singida. Uyoga wa Chebunyo unaweza kuitwa *chebunyoensis* kwa njia hiyohiyo. Usiupe uyoga jina lako mwenyewe. Si desturi ya fani hii.

Sheria na haki

Kuokota uyoga shambani kwako na kuupiga picha hakuhitaji leseni. Utafiti rasmi unahitaji. Mtafiti anayekuja kwako lazima awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na anayechukua vinasaba anahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, pamoja na ridhaa ya jamii iliyoelezwa mambo yote mapema. Msitu wa serikali nao unahitaji ruhusa yake. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka manufaa yagawanywe na watu wa mahali walikotoka viumbe hao, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi.

Kwa hiyo, usitoe sampuli yako yote. Baki na sehemu, pamoja na daftari lako la asili. Kabla ya kukabidhi chochote, kubalianeni kwa maandishi mambo manne: nusu ya sampuli ibaki Nairobi hata kama nyingine inakwenda ng'ambo, aliyeuokota atajwe kama mkusanyaji, jina la Kipsigis na aliyelitoa, kama ameridhia, vichapishwe ndani ya makala, na nakala ya makala irudi Chebunyo, shuleni na kwa mzee aliyehojiwa, ikiwa imeelezwa kwa lugha anayoielewa. Mtafiti mwaminifu hatayakataa. Anayeyakataa, mnyime sampuli na umtafute mwingine.